Rimu za chuma na tairi za kushika kwenye Corolla 110: pesa iende wapi?

Swali limetoka kwa kijana wa Mbeya, anakaa Iyunga, ana Toyota Corolla 110 ya injini ndogo yenye rimu za chuma inchi 14. Yeye na wenzake wanapanga koni kwenye yadi ya lami wanapimana muda, na mwakani anataka ajaribu mbio za changarawe upande wa Iringa. Nimefupisha alichoandika: "Shikamoo fundi. Bajeti yangu milioni moja na laki mbili. Wana wananiambia tairi za maana haziwekwi kwenye rimu za chuma, eti zitapinda kona ya kwanza na tairi itachomoka, kwa hiyo ninunue kwanza sport rim za inchi 15 halafu tairi nitafute za mtumba. Mwingine kasema nipeleke hizi za chuma kwa fundi wa kuchomelea azipanue. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Wenzako wamekupindulia hesabu. Kinachoshika lami ni mpira, rimu haigusi barabara labda siku umepata pancha, sasa ukichukua milioni yako ukaimalizia kwenye rimu zinazong'aa halafu ukafunga tairi za mtumba zilizokauka utakuwa na gari zuri la kupigia picha na muda wako kwenye koni utabaki ule ule au uwe mbaya zaidi. Pesa iende kwenye tairi, rimu za chuma zibaki, ila zikaguliwe kweli kweli kabla ya kufungwa maana hapo ndo kwenye kazi na ndo hatua ambayo watu wanairuka.

Na hilo la kwamba chuma hakifai mbio, waambie wale jamaa wa daraja la juu la NASCAR, mbio kubwa za magari kule Marekani, wamekimbia na rimu za chuma za inchi 15 zenye nati tano miaka na miaka, wameziacha mwaka 2022 tu walipoleta gari jipya lenye rimu ya aluminiamu inchi 18 na nati moja ya katikati. Magari yale yana nguvu ya farasi zaidi ya 500 na yanaingia kona kwa spidi ambayo Corolla yako haitaiona hata ukiisukuma kutoka juu ya mlima Loleza. Sawa, zile ni rimu nene zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, siyo hizi za kiwandani za kwako, lakini chuma chenyewe hakina kosa.

Ukweli uliomo kwenye maneno ya wenzako ni huu. Rimu ya chuma ya kiwandani ni vipande viwili, kuna sahani ya katikati iliyopigwa presi yenye matundu ya nati, na kuna duara la nje linalobeba tairi, vimeunganishwa kwa kuchomelewa. Ukiingia kona kwa nguvu ile sahani inajipinda kidogo sana na kurudi, kila mzunguko wa tairi inajipinda na kurudi. Ukiwa na tairi ngumu za kawaida gari linaanza kuteleza mapema kwa hiyo rimu haibebi sana, ukifunga tairi inayoshika rimu inabebeshwa zaidi, na kweli ukikata usukani utasikia gari linachelewa kujibu kidogo kuliko lenye alloy (rimu ya aluminiamu) nzuri. Ila kupinda kona ya kwanza hapana. Kinachokuja ni uchovu wa chuma, nyufa ndogo ndogo zinazoanzia pembeni ya matundu ya nati, au kwenye yale matundu ya hewa, au kwenye mshono wa kuchomelea, na hizo hukua polepole, kwa hiyo mtu mwenye tabia ya kuangalia anazikuta mapema. Alloy ya bei rahisi ikipiga shimo inaweza kupasuka upepo ukaisha hapo hapo, chuma kinabonyea mdomo, unaugonga na nyundo unarudi nyumbani. Kwa barabara zetu hiyo peke yake inanitosha.

Kuhusu uzito. Rimu ya chuma inchi 14 inacheza kwenye kilo saba hivi. Alloy nyepesi ya kweli inaweza kukupunguzia kilo moja na nusu mpaka mbili kila kona ya gari, lakini hizi sport rim za bei poa, hasa ukipanda inchi, nyingi zina uzito sawa na chuma au zaidi, we nenda na mzani wa bafuni dukani kapime uone watakavyokuangalia. Tuseme umepata za maana ukaokoa kilo nane jumla, na kwa sababu ni vitu vinavyozunguka tuhesabu kama kilo kumi na mbili za kawaida. Sasa fungua buti la gari lako. Spea tairi, jeki, spana, ile spika kubwa, dumu la maji. Spea tairi na jeki peke yake vinakaribia kilo kumi na sita. Ukivishusha siku ya mbio umeshalipa deni lote la rimu za chuma bila kutoa hata shilingi. Na kule Mbeya mwinuko ni kama mita 1,700, injini isiyo na turbo inapoteza asilimia 15 na ushee ya nguvu yake kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kila kilo unayoshusha utaisikia, ila anza na zile za bure.

Upana wa rimu ndo kitu cha kukomalia. Kwenye rimu kuna maandishi yaliyogongwa kwenye chuma, kawaida karibu na tundu la valvu au nyuma ya sahani, yanasomeka kama 14x5 1/2J. Hiyo tano na nusu ndo upana, na kwa upana huo tairi ya 185/60R14 inakaa vizuri kabisa maana inakubali rimu ya kuanzia inchi 5 mpaka 6.5. Ya 195/60R14 nayo inaingia ila tano na nusu ndo mwisho wake wa chini, kuta zake zitakuwa zimebanwa kwa ndani, na tairi iliyobanwa hivyo ikilala kwenye kona inayumba, unapata mpira mwingi ambao hauutumii. Kati ya hizo mbili mimi ningefunga 185 na nisingejuta. Kama rimu zako zimeandikwa 5J basi hata hiyo 185 ipo kwenye mpaka, bado inaruhusiwa lakini tafuta nyingine za tano na nusu, zipo tele.

Kuna shida moja ya inchi 14 nisikufiche, tairi laini za mbio za ukubwa huo siku hizi ni chache, viwanda vimehamia inchi 15 na kuendelea. Saizi ya 195/50R15 ina chaguo kibao na mzunguko wake unakaribiana sana na 185/60R14, tofauti ni milimita mbili tu za kipenyo, kwa hiyo spidomita haitakudanganya. Ukiona tairi uliyoipenda ipo 15 tu, tafuta rimu za chuma za inchi 15 zenye nati nne kwenye duara la milimita 100 (huandikwa 4x100) na tundu la katikati la milimita 54.1, hiyo ndo Toyota ndogo nyingi. Ila angalia mtego, zile za chuma za inchi 15 zinazotoka kwenye Axio na Fielder za mwili mpya ni 15x5J, nyembamba, na 195/50R15 inataka kuanzia tano na nusu. Watu wanazifunga hivyo hivyo na fundi pancha anazijaza upepo mpaka zinakubali, halafu kwenye koni gari linaogelea wanalaumu tairi.

Kupanua rimu kwa kuchomelea usithubutu. Kuna watu duniani wanafanya hiyo kazi vizuri, wana mashine ya kuhakikisha duara liko sawa na mshono umeingia mpaka ndani, lakini fundi geti wa mtaani na mashine yake ya kuchomelea madirisha hapana aisee. Na rimu yoyote ambayo tayari ina kiraka cha kuchomelea, hata kama fundi aliyeifanya ni shemeji yako, hiyo iwe ya spea ya kutembelea mjini taratibu, isiingie kwenye koni.

Haya, ukaguzi. Toa tairi kwenye rimu ibaki tupu, hapa hakuna njia ya mkato. Piga brashi ya waya kote, hasa pale mdomo wa tairi unapokalia maana kutu ya pale ndo inavujisha upepo kidogo kidogo, unajaza jioni asubuhi imelegea. Ikishakuwa safi chukua mafuta ya taa, paka kwa brashi ndogo kuzunguka matundu ya nati, matundu ya hewa na ule mshono unaounganisha sahani na duara, pande zote mbili. Acha robo saa hivi. Futa na kitambaa mpaka pawe pakavu kabisa, halafu saga chaki ya darasani, pakaza unga wake mahali pote ulipopaka mafuta, kaa chini usubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yanapanda taratibu na kwenye ule weupe unaona mstari mwembamba wenye unyevu unajichora, wakati kwa macho ya kawaida hapo ungeapa pako salama. Ukiona mstari umezunguka tundu la nati au unatoka tundu moja kwenda lingine rimu hiyo ni chuma chakavu, iuze kwa kilo, na ikate kwanza kidogo na grainda ili asije mtu akaifunga kwenye daladala.

Baada ya hapo angalia kama imenyooka. Ifunge kwenye hab (kitovu cha gurudumu) bila tairi, gari likae juu ya jeki stendi (siyo tofali, tafadhali), chukua waya mgumu ufunge kwenye stendi nyingine ncha yake ikaribie mdomo wa rimu bila kugusa, zungusha kwa mkono polepole uangalie ile nafasi inavyopanuka na kusinyaa. Ikicheza zaidi ya milimita moja na nusu mpelekee fundi wa kunyoosha au itafutie mwenzake. Usiseme balansi itarekebisha, balansi inaweka uzito, hainyooshi chuma.

Rangi paka yoyote uipendayo, mimi napendelea nyeupe au kijivu cha kung'aa kwa sababu ufa na michirizi ya kutu inaonekana haraka. Lakini usipake rangi nzito kwenye mabonde ya nati wala ile sehemu ya nyuma inayokaa kwenye hab, rangi pale inasagika gari likitembea na nati zinabaki zimelegea bila we kujua.

Nati sasa. Hili naliandika kwa kirefu kwa sababu nimeona mtu anafunga rimu ya chuma kwa nati za alloy na anakaza kwa nguvu zote akijua kamaliza. Alloy nyingi zilizotoka kiwandani Toyota zinatumia nati yenye washa bapa na shingo inayoingia ndani ya tundu. Rimu ya chuma inataka nati yenye kichwa cha koni, kile cha kuchongoka, kinakaa kwenye bonde la rimu na kuiweka katikati. Ukifunga ile ya washa bapa kwenye rimu ya chuma, inagusa pembeni tu, inasikika imekaza ila haijakaa, na ndani ya safari fupi inaanza kulegea. Kwa Corolla yako uzi ni M12x1.5, spana namba 21, na kukaza ni Nm 103. Tafuta spana ya torque, ile inayopima nguvu ya kukaza, hata ya kuazima. Mambo ya kuweka bomba refu kwenye spana na kupanda juu kwa miguu miwili yanavuta stadi (bolti zinazobeba nati) na yanabonda lile bonde la koni mpaka linakuwa bapa, na bonde la rimu ya chuma limetengenezwa liwe na uspringi kidogo wa kushikilia nati, ukishalibonda halishikilii tena. Kaza kwa msalaba, tairi ikiwa imegusa chini kidogo, halafu ukimaliza raundi ya kwanza ya koni rudi ukaze tena ukiwa na spana ile ile. Na wili kapu zote ziachwe nyumbani, rimu ikijipinda kwenye kona zinaruka, na kapu linaloruka linampiga mtu anayeshika saa.

Ukishamaliza na rimu ndo uje kwenye tairi, na kwenye tairi kuna mtego mkubwa kuliko yote kwa sisi tunaoishi kwa mitumba ya Japani. Magari mengi yanashuka na tairi za theluji. Zimeandikwa STUDLESS ubavuni, utakuta Bridgestone Blizzak, Yokohama iceGUARD, Dunlop Winter Maxx, na mara nyingi ziko kwenye rimu za chuma maana Wajapani wanaweka seti ya baridi pembeni kwenye rimu za bei rahisi. Ukibonyeza na kidole gumba ni laini kweli, muuzaji atakwambia hii ndo tairi ya kushika, na we ukikumbuka kuwa tairi za mbio ni laini utaamini. Ulaini ule ni wa kwenye barafu. Kashata zake zimekatwa katwa vipande vidogo vidogo vinavyojikunja, kwenye lami kavu ukikata kona vinalala, tairi inapata joto, inaanza kumeguka, na breki inakuwa ndefu kuliko hata tairi ngumu ya kawaida. Nunua ile rimu, iache ile tairi.

Tarehe nayo isome. Kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na DOT, mwisho kuna namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi ya mbio iliyokaa miaka nane stoo hata kama kashata zimejaa imeshakuwa ngumu, ile kemikali iliyoifanya ishike imeondoka. Kati ya tairi mpya ya kawaida ya kiwanda kinachoeleweka na tairi ya mbio ya zamani ya mtumba, chukua mpya.

Namba nyingine ni ya treadwear, kipimo cha tairi inavyodumu, inapatikana kwenye tairi zilizotengenezwa pia kwa soko la Marekani, zile za Japani tupu unaweza usiione. Tairi za kutembelea zinakuwa 400, 500 na kuendelea, hizo ni za kudumu. Ya 200 ndo ya kwako, ni laini, inaisha haraka, inashika, na madaraja mengi ya mbio za ridhaa kule Marekani yanataka tairi isishuke chini ya hiyo 200. Usilinganishe namba kati ya kampuni na kampuni maana kila kiwanda kinajipimia chenyewe. Yokohama Advan A052 inashika sana na inaisha upesi sana, Hankook Ventus RS4 inadumu ila inataka ipashwe moto kwanza, Toyo Proxes R1R inaamka mapema hata kukiwa na baridi na haina woga na maji. Kwa asubuhi za Mbeya mwezi wa sita na wa saba, pale unapumua moshi unatoka mdomoni, na kwa raundi ya koni isiyofika hata dakika mbili, tairi inayohitaji joto itakuwa bado imelala wakati we umeshamaliza. Mimi ningetafuta kitu cha tabia ya R1R. Chini ya 200, zile za 100 zinazokaribia kuwa kipara, achana nazo kwanza, kwenye lami yenye unyevunyevu wa asubuhi ni hatari tu.

Na nunua nne. Najua bajeti yako ikifika sokoni utashawishika ununue mbili za mbele kwa sababu gari linavuta mbele, kila mtu anafikiria hivyo. Ukifanya hivyo mbele inashika nyuma haishiki, ukiachia mafuta katikati ya kona mkia unakuja mbele na kwenye koni utacheka, ila kwenye barabara ya kurudi nyumbani hutacheka. Kama hela inatosha mbili tu, subiri.

Upepo ndo sehemu utakayopata muda wa bure. Rimu nyembamba inahitaji upepo zaidi kidogo ili kuta za tairi zisilale, kwa hiyo anza na psi 35 mbele na 34 nyuma tairi zikiwa za baridi. Chora mistari ya chaki kwenye bega la tairi, kuanzia kwenye kashata mpaka nusu ya ubavu, sehemu tatu kwenye kila tairi. Piga raundi moja ya nguvu halafu uangalie. Chaki ikiwa imefutika mpaka chini ubavuni, chini ya kale ka-alama ka pembetatu, tairi inalala, ongeza mbili. Ikiwa imebaki mpaka juu kwenye kashata ya mwisho tairi imevimba na hutumii bega lake, punguza mbili. Ukishapata ya mbele, ya nyuma cheza nayo kwa ajili ya tabia ya gari tu, ukiongeza nyuma gari linageuka kirahisi zaidi. Usishuke sana chini kwa kuigiza wale wa kwenye changarawe, rimu nyembamba, upepo mdogo na kona kali ndo hapo ile hadithi ya tairi kuchomoka inapokuwa kweli. Na usiweke tyubu ndani eti kwa usalama, tyubu inasuguana na tairi, inapata joto, na ikipasuka upepo unaisha mara moja.

Pima kila mara ukiwa pale pale uwanjani. Tairi iliyojazwa Dar ikapandishwa Mbeya inasoma juu kama psi mbili na nusu kwa sababu hewa ya nje huku ni nyepesi, halafu baridi inairudisha chini kama psi moja kwa kila nyuzi tano au sita, kwa hiyo ile namba uliyoandika jana gereji haina maana leo asubuhi. Na geji iwe yako, zile za vituo vya mafuta kila moja ina ukweli wake.

Faida kubwa ya chuma ambayo hata hujaiuliza ni kuwa na seti mbili. Rimu nne za chuma za mtumba zinapatikana kwa bei ambayo sport rim moja haitoki. Tairi zako za kutembelea zinabaki kwenye seti moja, za mbio kwenye nyingine, unazipanga mbili kwenye buti mbili kiti cha nyuma, ukifika unabadilisha. Ukiziendesha za mbio kutoka Mbeya mpaka Iringa, zaidi ya kilomita 300 za lami, umeshakula sehemu nzuri ya mpira kabla hujaanza mbio, na tairi za aina hiyo zikipashwa moto na kupoa mara nyingi nazo zinakuwa ngumu.

Kwa changarawe ya Iringa hesabu inabadilika. Tairi laini ya lami kwenye kokoto za kule inachanwa, kuta zake ni nyembamba. Kule unataka tairi ya changarawe yenye ubavu mgumu, nyembamba kiasi na ndefu, ndo maana hata magari ya WRC, mashindano ya dunia ya rali, yanatumia inchi 15 tu kwenye vumbi, 205/65, wakati kwenye lami yanapanda mpaka 18. Rimu zako za chuma zinakufaa zaidi huko kuliko kwenye lami. Lakini huko kuna leseni, helmeti, roli keji (fremu ya chuma ya kukukinga gari likipinduka) na ukaguzi, mashindano rasmi Tanzania yako chini ya AAT, chama cha magari cha Tanzania kinachotambuliwa na FIA, shirikisho la magari la dunia, wasiliana nao mapema usome kanuni kabla hujanunua hata nati.

Mazoezi ya "kupasha tairi" Kawetere kwenye barabara ya Chunya, nimeona umeyataja kwenye sehemu niliyoikata. Acha. Yale malori hayana habari na koni zako.

Kabla ya tairi kufungwa pia shika bampa la mbele ulisukume chini uachie, likiruka zaidi ya mara moja shokapu zimekufa na sehemu ya hiyo milioni iende huko kwanza, pamoja na boljointi na bushi za mkono wa chini, maana tairi inayoshika inavuta kila kitu kilicholegea na utakuja kuniambia rimu za chuma zinatetema kumbe ni boljointi. Halafu alaimenti, mwambie fundi tou ya mbele (tairi kuelekea ndani au nje) iwe sifuri. Bega la nje la tairi za mbele litakwisha kwanza, hiyo ni kawaida ya gari la kuvuta mbele lisiloweza kurekebishwa kemba (mlalo wa tairi), likifika nusu zitoe kwenye rimu uzigeuze ndani nje, kama tairi haina mshale wa mwelekeo na haijaandikwa upande wa nje, halafu uzipeleke nyuma.

Ukipata duka likakupa bei, waombe picha ya ubavu wa kila tairi, zote nne siyo moja, ionekane ile namba ya DOT na saizi, nitumie kabla hujalipa. Zikishafungwa kwenye rimu hakuna duka litakalozirudisha.